Mtoto wa Pili Anapokawia

Somo: Mwanzo 30:22-24, 35:16-20

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulilia usiku bila kumwambia mtu. Jambo lenyewe ni hili: mtoto mmoja yupo, lakini wa pili haji.

Raheli, mke wa Yakobo, alikaa miaka mingi bila mtoto. Alipompata wa kwanza alimwita Yusufu, na jina hilo lenyewe ni ombi la kuongezewa mwana mwingine. Basi kumtamani mtoto wa pili si kukosa shukrani. Ni hamu ya tangu zamani.

Hebu tuwafikirie mume na mkewe huku Matete, katika Kaunti ya Kakamega. Wana shamba la mahindi na miwa kidogo. Binti yao ana miaka sita. Mama mkwe anauliza, majirani wanauliza, na wengine wameanza kumnong'oneza mume aongeze mke. Mke amekwisha kunywa dawa za miti za kila aina. Mume asema, "Mimi sina kasoro. Huyu mtoto si wangu?"

Hapo ndipo tunapokosea. Kuzaa mara moja hakuhakikishi kuzaa mara ya pili, kwa mke wala kwa mume. Baada ya kujifungua, au mimba ikiharibika, vijidudu vyaweza kuingia na kuziba mirija ambamo yai hupita. Kisonono na klamidia hufanya vivyo hivyo, mara nyingi bila maumivu yoyote. Umri nao hupunguza mayai. Kwa upande wa mume, mbegu zaweza kupungua kwa ugonjwa, kwa mishipa iliyovimba kwenye korodani, kwa tumbaku au kwa pombe nyingi. Tena si jambo la nyumba moja. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hupatwa na shida ya kupata mtoto wakati fulani maishani.

Twende kwa daktari lini? Kama mmekaa pamoja miezi 12 bila kuzuia mimba, nendeni. Mke akiwa amefika miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6. Lakini kumbukeni kwamba aliyekuwa akidungwa sindano ya kupanga uzazi aweza kukaa miezi mingi, hata karibu mwaka, kabla uzazi haujarudi. Anayenyonyesha naye aweza kukawia.

Anzeni katika kituo cha afya kilicho karibu, nanyi mtaelekezwa hospitali kubwa ya Kakamega, au ile ya Moi huko Eldoret. Nendeni wawili. Kupima mbegu za mume ni kipimo chepesi kuliko vingi atakavyopimwa mke, hivyo si haki mke apigwe picha ya mirija na mume hajapimwa kitu. Huenda shida ikawa ndogo: kutojua siku za kushika mimba, au yai lisilokomaa, ambalo vidonge vyaweza kulisaidia. Lakini vidonge hivyo msivinunue dukani kwa kubahatisha, maana vyaweza kuleta mimba ya mapacha yenye hatari.

Mirija ikiwa imeziba kabisa, daktari aweza kutaja njia ya kuunganisha yai na mbegu nje ya mwili. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Wazazi wake walirudi tena, na mdogo wake Natalie akazaliwa mwaka 1982. Hapa Kenya watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa Nairobi mwaka 2006.

Hata hivyo, jaribio moja hugharimu shilingi laki kadhaa, na mara nyingi halishiki. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, kaeni mkubaliane: tutajaribu mara ngapi? Tutauza nini, na nini hatutauza kamwe? Shamba linalowalisha na karo ya binti yenu visiwekwe rehani kwa ajili ya mtoto ambaye bado hajaja. Ulizeni pia mimba changa zitakazobaki zitafanywaje. Kanisa Katoliki lilieleza mwaka 1987 kwamba halikubali njia hiyo. Makanisa mengine mengi huwaachia wenye ndoa waamue kwa dhamiri zao. Zungumzeni na mchungaji wenu mapema.

Raheli alipewa mwana wa pili, Benyamini, lakini alifariki akimzaa. Hatusemi haya kuwatia hofu. Twawakumbusha kwamba uhai wa mama ni wa thamani sawasawa na mtoto anayetamaniwa, na ya kuwa Yusufu alibaki akimhitaji mama yake.

Binti yule wa Matete husikia yote yasemwayo jikoni. Asilelewe kama nusu ya jamaa. Nawe baba, usimwache mkeo abebe lawama peke yake. Wiki hii mshike mkono, mwende pamoja.

Mungu awape hekima ya kuamua, na amani katika jibu lolote mtakalopata. Kwaherini mpaka juma lijalo.