Unakarabati bafu na choo kwa bajeti ndogo Ifakara? Anza na shimo, tailizi zitafuata

Umeuza mpunga, una fedha kidogo mkononi, na umeamua mwaka huu bafu na choo cha nyumbani lazima vibadilike. Fundi anakuja, anaangalia kuta, anatikisa kichwa. "Mama, hapa tukipiga tailizi tu, kazi imeisha."

Unakubali. Unanunua tailizi, sinki jeupe na mlango mpya. Panang'aa kweli. Halafu mvua za mwezi wa nne zinakuja, maji hayaendi tena, yanarudi juu kupitia sinki lile lile jeupe. Fundi anaitwa tena, safari hii kuvunja tailizi alizozipiga mwenyewe ili atafute tatizo liko wapi.

Kama unaishi Viwanja Sitini au mtaa mwingine wowote wa Ifakara, hadithi hii si ngeni kwako. Fedha ziliwekwa kwenye kinachoonekana, na tatizo lilikuwa chini ya ardhi. Makala hii inakuonesha jinsi ya kupanga ukarabati ili fedha kidogo uliyonayo ifanye kazi mara moja tu.

Kwa nini Ifakara si sawa na kwingine

Mji wetu umekaa kwenye bonde la Mto Kilombero. Hili ni eneo tambarare ambalo mto hulifunika kwa maji kila msimu wa mvua kubwa, na tangu mwaka 2002 limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Maji hayo ndiyo yanayotupa mpunga. Lakini ndiyo hayo hayo yanayotusumbua vyooni.

Maji ya ardhini hapa hayako mbali, na mvua zikikolea yanapanda. Shimo ulilochimba mwezi wa tisa likiwa kavu kabisa linaweza kuwa na maji mwezi wa nne. Likishajaa maji ya ardhini, uchafu hauna pa kwenda isipokuwa kurudi juu au kusambaa pembeni.

Na pembeni kuna nini? Kisima. Chako au cha jirani. Hapo ukarabati wa choo unakuwa suala la kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu, na wa kwanza kuumia ni watoto.

Hatua ya 1: Kagua kabla hujanunua hata msumari

Chukua daftari na ujibu maswali haya:

- Shimo lililopo limejaa kiasi gani? Lina ukuta wa tofali ndani au ni udongo mtupu?
- Wakati wa mvua maji ya bafuni yanaenda, yanachelewa au yanarudi?
- Kisima kilicho karibu kiko mita ngapi kutoka shimoni?
- Ukuta wa bafu unabanduka chini? Rangi inavimba?
- Gari la kunyonya maji taka linaweza kufika?

Njia rahisi ya kujua maji ya ardhini yako wapi ni kumuuliza mwenye kisima kifupi jirani. Mwombe mpime kwa kamba mwezi wa nne, maji yakiwa juu kabisa. Kipimo cha kiangazi kinadanganya. Pima kwenye mvua, chimba kwenye kiangazi.

Kanuni inayotumika sana ni hii: choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na chini ya shimo kuwe juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita 1.5. Kwenye viwanja vidogo mita 30 hazipatikani kirahisi. Kama ndivyo ilivyo kwako, maji ya kisima hicho yasinywewe bila kuchemshwa au kutiwa dawa, na shimo lijengewe vizuri zaidi.

Kabla ya kuchimba shimo jipya, pita kwa afisa afya wa kata. Anaifahamu mitaa yake, na ni afadhali akushauri mapema kuliko aje kukwambia ufukie.

Onyo moja: usimruhusu mtu yeyote kuingia ndani ya shimo la zamani au karo, hata kwa dakika moja, hata akisema ameshazoea. Hewa ya mle ndani inaua, na mara nyingi inamuua pia anayeingia kumwokoa mwenzake.

Hatua ya 2: Fedha ya kwanza iende chini

Watu wengi wanaamini shimo zuri ni refu. Kwetu si hivyo. Pale maji yalipo karibu, shimo fupi na pana linafaa zaidi, na mara nyingi inabidi choo chenyewe kiinuliwe juu ya ardhi kwa ngazi mbili tatu. Sehemu ya shimo inayobaki juu ya ardhi inajengwa kwa tofali, inapigwa plasta ndani na nje isivuje, kisha inazungushiwa kifusi kilichoshindiliwa.

Kama una nafasi, fikiria mashimo mawili mafupi ya kupokezana. La kwanza likijaa unalifunga na kugeuza bomba kwenda la pili. Uchafu wa lile la kwanza ukikaa miaka miwili bila kuongezewa chochote, unakuwa rahisi kuondoa. Mpango huu unawafaa sana wenye nyumba ambazo gari la kunyonya haliwezi kufika.

Kwenye bomba, angalia mambo mawili. La kwanza ni mteremko: bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Likilala sawa, uchafu unabaki njiani. La pili ni chemba. Kila bomba linapokata kona, weka chemba yenye mfuniko. Siku likiziba unafunua mfuniko, huvunji sakafu.

Hatua ya 3: Chagua choo kulingana na maji yako

Choo cha kukaa chenye tenki lake kinavutia, lakini piga hesabu kwanza. Tenki la kawaida linaweza kumwaga lita 6 hadi 9 kila unapovuta. Familia ya watu sita, kila mmoja akivuta mara nne kwa siku, ni mara 24. Kwa lita 9, hiyo ni lita 216, karibu ndoo 11 za lita 20 kila siku.

Sinki la kuchuchumaa la kumwagia maji kwa kopo linahitaji lita 2 hadi 3. Familia ile ile itatumia lita 72, chini ya ndoo nne.

Tofauti hiyo haiishii kwenye bili au kwenye mgongo wa anayebeba ndoo. Maji yote hayo yanaenda shimoni, na ardhi yetu wakati wa mvua tayari imeshiba.

Kwa choo cha shimo cha kawaida kuna sinki la plastiki lenye kifuniko kinachojifungua uzito ukishuka na kujifunga chenyewe baada ya hapo, kama yale ya SATO. Linapunguza harufu na nzi, na unaweza kulifunga kwenye sakafu ya zege uliyonayo bila kubomoa kila kitu.

Kama nyumbani kuna mzee au mtu mwenye shida ya miguu, choo cha kukaa si anasa. Kiweke, lakini kwa kumwagia kopo badala ya tenki, na ufunge bomba la chuma ukutani la kushikilia.

Hatua ya 4: Sakafu na ukuta, hapa ndipo fedha inapoliwa

Tuchukue bafu la mita 1.5 kwa mita 2. Sakafu yake ni mita za mraba 3. Kwa tailizi za sentimita 30 kwa 30 unahitaji 34. Ongeza kidogo za kukatika, zinakuwa kama 38.

Sasa angalia ukuta. Ukizungusha tailizi pande zote hadi urefu wa mita 1.5, ukatoa mlango wa sentimita 70, unapata mita za mraba 9.45. Hizo ni tailizi 105, mara tatu ya sakafu.

Kwa hiyo ukitaka kubana matumizi, usibane sakafuni, bana ukutani. Piga tailizi kwenye kona ya kuogea tu, upande mmoja mita 1.5 na mwingine mita 1. Utatumia tailizi 42 badala ya 105. Sehemu iliyobaki ipigwe plasta nzuri, niru laini, kisha rangi ya mafuta. Inaoshika na haikuaibishi mbele ya wageni.

Lakini nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma, na tofali hizo zinanyonya maji. Kama ukuta unabanduka chini, rangi mpya itabanduka pia. Kwangua plasta iliyokufa, acha ukuta ukauke kabisa, kisha piga plasta mpya iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji. Angalia pia nje: mara nyingi tatizo ni maji ya bati yanayodondokea kwenye msingi.

Kwa sakafu, chagua tailizi zenye mikwaruzo. Zile za kung'aa ni za ukutani, na zikilowa sabuni zinavunja watu nyonga. Sakafu ishuke kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, sentimita 2 kwa kila mita.

Kabla ya kuweka tailizi, fanya jaribio hili la bure. Ziba tundu la maji kwa tambara na mfuko wa nailoni, mwaga maji sakafuni, weka alama kwa chaki, acha usiku kucha. Asubuhi maji yakiwa yameshuka sana, sakafu inavuja. Iziba sasa, maana ukishaweka tailizi gharama ni mara mbili.

Hatua ya 5: Usiwajengee mbu nyumba

Ifakara inajulikana duniani kwa utafiti wa mbu na malaria kupitia Taasisi ya Afya Ifakara. Wengi tunafikiria mbu wa malaria tu, lakini wale wanaozaliana kwenye maji machafu ya mashimo na karo ni aina nyingine, kuleksi, wanaotunyima usingizi na ambao maeneo ya pwani hueneza matende.

Dawa yake ni rahisi: kila mfuniko wa chemba ukae sawasawa bila nyufa, na bomba la kutolea hewa lipande juu kupita bati, mdomoni lifungwe wavu. Wavu huo unazuia mbu na nzi kwa pamoja. Ni kipande kidogo, lakini mafundi wengi hukisahau.

Hatua ya 6: Kalenda na fundi

Kalenda ya Kilombero inakusaidia. Mpunga unavunwa kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba. Fedha inaingia wakati ardhi inakauka, tofali zinachomwa na mchanga unapatikana. Mwezi wa nane hadi wa kumi ndio wakati wa kuchimba na kujenga. Ukisubiri mwezi wa kumi na mbili, unachimba tope.

Kama fedha haitoshi, gawa kazi kwa misimu. Mwaka huu shimo, bomba na chemba. Mwaka ujao sakafu na sinki. Mwaka wa tatu ukuta, rangi na mapambo. Kila hatua inajitegemea, na choo kinaendelea kutumika.

Kwa fundi, fanya hivi:

- Mwambie aandike orodha ya vifaa, kisha uulize bei kwenye maduka angalau mawili. Nunua mwenyewe na udai risiti.
- Andikeni makubaliano: kazi gani, siku ngapi, kiasi gani. Karatasi moja ya daftari inatosha, muwe na shahidi.
- Lipa kwa hatua, usilipe yote mwanzoni. Bakiza sehemu hadi umwage ndoo tano mfululizo na maji yaende bila kurudi.
- Tenga asilimia 10 hadi 15 ya bajeti kwa dharura. Ukibomoa sakafu ya zamani, lazima kitu kitajitokeza.
- Piga picha za bomba na chemba kabla hazijafukiwa. Simu unayo mkononi, na miaka mitano ijayo fundi mwingine atakushukuru.

Kwa wenye nyumba za kupangisha

Mpangaji anaweza kuvutwa na tailizi siku ya kwanza, lakini hawezi kuvumilia choo kinachorudisha maji mwezi wa nne. Kama wapangaji wanatumia choo kimoja, weka nguvu kwenye shimo, taa, komeo la ndani na sehemu ya kunawa mikono yenye sabuni. Vitu hivi vinne ndivyo vitakavyomfanya mtu abaki mwaka wa pili.

Kwa hiyo fundi akikwambia "tupige tailizi tu", mwambie: "Fundi, twende kwanza tukafunue shimo." Akikataa, tafuta mwingine.