Kigoma: Mwisho wa Reli, Mwanzo wa Maji

Sisi wa Bujumbura tunaijua Kigoma kama jirani wa ziwani. Lakini msafiri atokaye Dar es Salaam huifikia baada ya kukata reli yenye urefu wa kilomita 1,250 hivi, iliyofika huko mwaka 1914. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi hutanda majini. Alfajiri hurudi na dagaa, ambao sisi twawaita ndagala.

Ndugu askari na polisi, bandari hiyo inatupa somo. Mwaka 1913, huko Papenburg, Ujerumani, iliundwa meli ambayo ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa masandukuni, ikaletwa kwa bahari na reli, kisha ikaunganishwa upya Kigoma. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, waliizamisha wenyewe isitekwe. Kabla ya hapo, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito.

Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kukuta mitambo ingali yafaa. Mwaka 1927 ilianza kazi kwa jina la Liemba. Injini zilibadilishwa miaka ya 1970, lakini chombo kilikuwa kilekile. Na Mei 2015 kilivusha maelfu ya Warundi wenzetu, wakimbizi waliokwama Kagunga, hadi Kigoma.

Mafundi wale walikuwa wameshindwa vita, wala hawakuacha kutunza kifaa walichokabidhiwa. Nasi tutunze silaha, magari na boti zetu vivyo hivyo. Hatujui ni roho ngapi zitavitegemea kesho.