Maji Juu ya Turubai: Mzigo Usiohesabiwa

Mwisho wa msimu wa korosho katika wilaya za Masasi na Newala hukutana na mvua za kwanza. Wakati huo malori yaliyopakia magunia husafiri kati ya vijiji na maghala, nayo magunia hufunikwa kwa turubai. Dereva mwangalifu huhesabu magunia yake kabla ya kuondoka. Lakini aghalabu hahesabu mzigo mwingine, uliopanda garini usiku bila kupakiwa na mtu: maji ya mvua.

Na tuyapime maji hayo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya meta ya mraba 1 hutoa lita 1 ya maji, yenye uzito wa kilo 1. Turubai lenye urefu wa meta 6 na upana wa meta 2.4 lina eneo la meta za mraba 14.4. Ikinyesha mvua ya milimita 20, na turubai likiwa limebonyea katikati, maji yanayoweza kukusanyika ni 14.4 × 20, yaani lita 288. Uzito huo wa kilo 288 unapita ule wa magunia matatu ya kilo 80 kila moja.

Mzigo huu una hatari mbili. Kwanza, upo juu kabisa, hivyo hupandisha kitovu cha uzito cha gari. Na kadiri kitovu kinavyopanda, ndivyo gari linavyopinduka kwa urahisi zaidi penye kona. Pili, haukai mahali pamoja. Gunia lililofungwa hutulia, bali maji hukimbilia upande ule gari linakoinamia. Katika barabara inayopanda kutoka Masasi hadi ukingo wa nyanda za Makonde, Newala, jambo hilo si dogo. Tena breki zikishikwa ghafla, maji huendelea kwenda mbele kwa sababu ya inesha, yakamwagika juu ya kioo na kumzuia dereva asione.

Wenzetu wa nchi za baridi wanaosafiri kwa magari yenye vyumba vya kulala hukutana na tatizo hilihili kwa sura ya theluji. Theluji mpya yenye kina cha sentimeta 10 huwa na uzito wa kilo 10 hivi kwa kila meta ya mraba, na ikilowa huzidi sana. Nayo huteleza mbele gari lifungapo breki. Kwa hiyo huiondoa kabla ya safari.

Sisi nasi tufanye vivyo hivyo. Magunia yapangwe katikati yakiwa juu kuliko pembeni, ili turubai liwe na mgongo kama paa la nyumba. Kamba zikazwe sana. Asubuhi, gari likiwa limesimama mahali tambarare, maji yasukumwe nje kwa ufito usio na ncha kali, na watu wakae mbali na upande yanakomwagikia. Turubai lisitobolewe kamwe: korosho iliyolowa huota ukungu, na jasho la mkulima hupotea.

Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili darasani. Weka maji katika sinia moja, na katika nyingine mchanga wenye uzito uleule. Zisukume pamoja juu ya meza, kisha uzisimamishe ghafla. Wanafunzi waeleze ni ipi iliyomwagika, na kwa nini.