Je, Wajua? Mvulana Aliyetafuta Sanamu, Akaishia Kwenye Sarafu

Hebu sogea karibu, leo nina habari tamu! Je, wajua kwamba Marekani ilipiga sarafu zake kwa zaidi ya miaka 150 bila kuweka sura ya mtu mweusi hata mmoja? Ukafika mwaka 1946, ikatoka nusu dola yenye uso wa Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa Virginia akaja kuanzisha chuo cha Tuskegee. Na aliyeifinyanga sura hiyo? Mweusi mwenzake, Isaac Scott Hathaway, mbunifu wa kwanza mweusi wa sarafu ya Marekani. Mambo mawili ya kwanza, sarafu moja!

Sasa rudi nyuma nami. Hathaway alizaliwa mwaka 1872 huko Lexington, Kentucky, baba yake mchungaji. Akiwa na miaka tisa, baba alimpeleka kwenye jumba la makumbusho, na mtoto akazunguka akitafuta sanamu ya Frederick Douglass, kiongozi mweusi aliyepinga utumwa. Hakuiona. Umri wa darasa la tatu tu, naye akaamua: kama sanamu za watu wetu hazipo, nitazitengeneza mimi!

Na kweli alizitengeneza, tena zaidi ya 100. Unajua raha yake iko wapi? Alizimimina kwa plasta na kuziuza kwa bei nafuu, ili familia za kawaida ziweke mashujaa wao sebuleni. Moyo wangu unampenda hapo hasa.

Subiri, hii itakushangaza zaidi. Mwaka 1903 alifariki mzee mmoja wa Kentucky, mpinga utumwa mkali aitwaye Cassius Marcellus Clay, na Hathaway ndiye aliyechukua chapa ya uso wake. Jina hilo umelisikia wapi? Ndilo alilozaliwa nalo bondia Muhammad Ali, yule aliyemwangusha bondia mwenzake George Foreman huko Kinshasa mwaka 1974!

Tuirudie nusu dola yetu. Je, wajua kwamba kazi ile alikuwa ameshapewa mtu mwingine? Charles Keck, mchongaji mwenye jina kubwa, ambaye tangu 1922 sanamu yake ya Booker T. Washington ilikuwa imesimama Tuskegee kwenyewe. Lakini Hathaway alikuwa na kitu adimu: chapa ya plasta iliyotoka kwenye uso wenyewe wa Washington alipokuwa hai. Pua ileile, paji lilelile, taya lilelile! Kamati ya sanaa ya serikali ilipolinganisha, ikachagua kazi ya Hathaway.

Igeuze upande wa pili, utazame vizuri. Chini kuna kibanda cha mtumwa, juu kuna jumba lenye kuba. Jumba hilo lilikuwa New York, limejaa sanamu za Wamarekani wakuu, na mwaka 1945 Washington alichaguliwa kuingia humo, mweusi wa kwanza. Umemkumbuka yule mtoto wa miaka tisa? Sasa ameliweka jumba la sanamu lenye mtu wake ndani, kwenye kipande cha fedha cha gramu 12.5!

Ziliruhusiwa kupigwa milioni 5. Hazikuuzika zote, na zaidi ya milioni moja na nusu zikayeyushwa. Usisikitike! Fedha ile ilitumika kupigia nusu dola nyingine, ya 1951 hadi 1954, yenye Washington na George Washington Carver, yule mwanasayansi wa karanga, uso kando ya uso. Mbunifu? Hathaway tena! Na je, wajua kwamba wawili hao wamezikwa jirani pale Tuskegee?

Baada ya sarafu hiyo ya 1954, Marekani ilikaa miaka 28 bila kutoa sarafu nyingine ya kumbukumbu, hadi 1982. Na ilipofika 2022, ndipo mwanamke mweusi wa kwanza, mwandishi Maya Angelou, alipotokea kwenye robo dola.

Na Hathaway mwenyewe? Alifundisha ufinyanzi huko Arkansas na Alabama, akiutumia udongo wa hapohapo Alabama. Alistaafu mwaka 1963. Piga hesabu mwenyewe: alikuwa na miaka 91!