Picha ya Mlimani kama Kipimo cha Kisayansi

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walipanda Kilimanjaro wakiwa na kamera za upimaji. Kutokana na picha zao ilichorwa ramani ya barafu ya mlima huo, ambayo imewezesha kukadiria kuwa wakati ule barafu ilienea katika eneo la kilometa za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 eneo lililosalia halikufika kilometa za mraba 2. Kama picha zile zisingalipigwa kwa uangalifu, tusingaliweza kulinganisha hali hizo mbili. Je, mwanafunzi apandaye mlima na kamera, hata iwe ile iliyomo katika simu, yampasa kufahamu nini?

Kipima-mwanga hukosea

Wengi hushangaa kuona theluji waliyoiona nyeupe imetokea kijivu katika picha. Sababu ni kwamba kipima-mwanga cha kamera hakijui kilichoko mbele yake. Hicho hudhania kuwa kila mandhari huakisi kiasi cha wastani cha mwanga, yapata asilimia 18. Lakini theluji mpya huakisi asilimia 80 au zaidi. Kwa hiyo kamera hupunguza mwanga kupita kiasi, na weupe hugeuka kijivu. Dawa yake ni kuongeza mwanga mara mbili hadi nne ya ule uliopimwa, kwa kupanua tundu la lenzi au kuliacha wazi kwa muda mrefu zaidi. Katika simu nyingi hilo hufanywa kwa kugusa kioo na kusogeza alama ya mwanga. Miamba myeusi ya volkano hutaka kinyume chake: mwanga upunguzwe.

Saa ya kupiga picha

Milima ya mbali huonekana ya buluu na iliyofifia kwa sababu molekuli za hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Vumbi na mvuke huzidisha hali hiyo. Asubuhi hewa huwa safi zaidi, na mawingu aghalabu huwa hayajapanda. Tena jua likiwa chini vivuli huwa virefu, hivyo matuta na mabonde hujitokeza. Jua la utosi huyafuta.

Mahali na kumbukumbu

Picha mbili hulinganishika tu zikipigwa kutoka mahali pamoja, kwa maana mpigaji akisogea hata hatua chache, vitu vya karibu huhama mbele ya vile vya mbali. Basi chagua mwamba usiohamishika, usimame hapo, na utumie lenzi ileile. Rudi katika mwezi uleule, kwani theluji ya msimu huweza kuficha ukingo wa barafu ya kudumu. Kisha andika tarehe, saa, mahali na upande ulioelekea. Picha isiyo na maelezo hayo ni kumbukumbu ya safari tu.

Si lazima kwenda Kilimanjaro. Kilima kilicho karibu na shule kina makorongo yanayopanuka na ukingo wa msitu unaorudi nyuma. Darasa likipiga picha moja kila mwaka, wanafunzi wa miaka 20 ijayo watakuwa na ushahidi. Picha ambayo haikupigwa leo, hakuna atakayeweza kuipiga kesho.