Ganda Nene Si Kosa la Mbegu

Kila msimu wa kugawa mbegu za michikichi Kigoma, swali ni lilelile: “Mtaalamu, tumeambiwa hizi ni tenera, aina ya ganda jembamba, mbona tumepasua moja na ganda ni nene kama la dura zetu? Si bora nikaokote za jirani?” Wengine wala hawaulizi. Wanazitupa mbegu za kituo cha TARI Kihinga, wanakwenda chini ya mtenera wa jirani kuchagua zenye ganda jembamba, halafu baada ya miezi wanakuja kulalamika kwamba hazioti.

Kwanza, afadhali hazijaota.

Ganda la mbegu ya chikichi ni mwili wa mti uliozaa, si wa mche utakaoota. Mbegu halali ya tenera huzaliwa na mama dura: ua lake hufunikwa kwa mfuko, kisha hupakwa kwa mkono chavua ya pisifera, mchikichi ambao tunda lake halina ganda. Mama ni dura, kwa hiyo ganda utakaloliona ni la dura, nene. Utenera umo ndani, kwenye kiinitete, nao utaonekana kwenye matunda ya mti mpya. Anayetupa mbegu kwa sababu ya ganda nene ametupa kitu chenyewe alichokifuata.

Sasa hizo nyembamba za jirani. Mchikichi hutoa maua dume na maua jike kwa zamu, kwa hiyo mama mara nyingi hupata chavua kutoka mti mwingine, ikiletwa na upepo na fukusi wadogo. Kama shamba limezungukwa na dura, kama yalivyo mengi huku kwetu, tarajia nusu ya miche yako iwe dura. Kama baba ni tenera mwenzake, robo ni dura, nusu ni tenera, na robo ni pisifera, ambao kwa kawaida mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Kitaluni yote inafanana. Utajua baada ya miaka mitatu au minne, ukishapalilia na kutia mbolea, siku utakapokata tunda la kwanza. Hesabu hii watafiti Beirnaert na Vanderweyen waliionyesha wakiwa Yangambi, Kongo, mwaka 1941. Mkulima huyohuyo hapandi tena punje za mahindi chotara aliyovuna, maana anajua yatamwangusha; akifika kwenye mchikichi, mti wa miaka ishirini na zaidi, anaokota.

Na tafadhali, msichemshe mbegu ili ziote upesi. Kiinitete kina urefu wa milimita chache tu, kimelala chini ya tundu la ganda. Maji yanayotokota hukiua. Mbegu hii inataka joto la wastani kwa wiki nyingi, ndipo kiinitete kiweze kusukuma kizibo cha tundu lake.

Ukitaka usalama, nunua mbegu zilizokwisha kuchipua, au miche. Ukitaka kuotesha mwenyewe, loweka mbegu siku saba ukibadili maji kila siku, zianike kivulini zikauke nje tu, zifunge kwenye mfuko mzito wa plastiki wenye nafasi ya hewa. Weka kwenye sanduku lenye balbu ya kizamani inayotoa joto (za LED hazifai) na kipimajoto, nyuzi 38 hadi 40, siku kama 60. Fungua mfuko kila wiki zipate hewa, nyunyizia maji kidogo zikianza kukauka. Kisha loweka tena siku tano hadi saba, anika kivulini, rudisha mfukoni, sasa kwenye joto la kawaida la nyumbani. Machipukizi huanza ndani ya wiki mbili hivi. Kuzifukia tu kwenye tuta juani kunawezekana pia, ila utasubiri miezi na zitaota chache, kila moja kwa wakati wake.

Chipukizi likionyesha ncha mbili, hamishia kwenye kiriba: ile nyeupe iliyochongoka iangalie juu, ile ya kahawia yenye ncha butu ni mzizi, iende chini. Kivuli chepesi, maji kila siku, kitalu miezi kumi hadi kumi na miwili, shambani mita tisa kwa tisa kwa mpango wa pembetatu. Ukizipanda kichwa chini, usije ukaniambia mbegu za kituo ni mbovu.