Kilo 60 Zinazouonea Mgongo Huruma

Kutembea na mzigo mzito mkononi ni zoezi lililoenea katika kumbi za mazoezi: mtu hunyanyua chuma, hutembea, hukitua. Linaonekana jepesi kiasi cha kutohitaji mafunzo. Stuart McGill, aliyeuchunguza uti wa mgongo kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, alilipima, na alichokikuta kinashangaza.

Katika utafiti wake na wenzake wa mwaka 2013, kilo 30 zilizobebwa kwa mkono mmoja ziliubana mgongo zaidi ya kilo 60 zilizogawanywa, 30 kila mkono. Mzigo uliongezeka maradufu, mbano ukapungua.

Sababu ni umbali. Mzigo wa mkono wa kulia uko mbali na uti wa mgongo na huuvuta mwili uinamie kulia. Misuli ya ubavu wa kushoto hulazimika kuvuta kinyume ili kiwiliwili kibaki wima. Kwa kuwa misuli hiyo iko karibu sana na uti, nguvu yake hubidi iuzidi uzito wa mzigo wenyewe, na nguvu hiyo nayo huzigandamiza pingili. Mikono yote miwili ikibeba sawa, pande hizo husawazishana na ubavu hupata nafuu.

Kwa mchota maji, basi, madumu mawili ya lita 10 ni heri kuliko moja la lita 20.

McGill hakulikataa zoezi la mkono mmoja. Analipendekeza, maana hujenga misuli ya ubavu bila kuupinda mgongo. Sharti ni uzito wa kiasi na zamu sawa kwa kila mkono.

Katika zoezi hili, chuma huwekwa kando ya mguu, si mbele yake. Magoti na nyonga hukunjwa, mgongo hunyooshwa, tumbo hukazwa kabla ya kunyanyua. Hatua ziwe fupi, na pumzi iendelee kutoka na kuingia. Mwenzi wa mbebaji akimtazama kwa nyuma ataona mengi: kiwiliwili kikianza kulalia upande, mzigo umezidi, hata kama mbebaji anasema anauweza.

Mara nyingi vidole huchoka kabla ya miguu. Mzigo utuliwe kabla havijaanza kufunguka, kwa sababu kuudaka unapoponyoka huushtua mgongo. Kutua nako hudai magoti na nyonga zilezile za kunyanyua, ingawa hapo ndipo watu hulegea wakidhani kazi imekwisha.